Uchambuzi: Serkali inapobana matumizi, nani anabanwa Bukavu?

Mwishoni mwa 2025 wabunge mjini Kinshasa walichunguza bajeti ya 2026, na hesabu ilikuwa ngumu. Vita vya mashariki vimekula feza nyingi. Mwezi wa tatu 2025 rais Félix Tshisekedi aliamua mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Ushuru wa mipaka ya Goma na Bukavu hauingii tena katika hazina ya taifa. Tena kuna mkataba na Shirika la Feza la Kimataifa, FMI, uliopitishwa tarehe 15 mwezi wa kwanza 2025, wenye thamani ya karibu dolari bilioni 2.8, ambao unaitaka serkali isipite mipaka ya matumizi waliyokubaliana. Mapato yalipungua, mahitaji yaliongezeka, kwa hiyo ilibidi mahali fulani pakatwe.

Msomaji wa Bukavu anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Mwezi wa pili 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa AFC/M23, na maamuzi ya Kinshasa tunayasikia kwenye redio tu. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, maelfu ya walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wa serkali wa Kivu ya Kusini bado wako kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa. Ya pili, miezi iliyofuata imetuonyesha, kuliko kitabu chochote cha uchumi, kinachotokea pesa za serkali zinapotoweka katika mji ambao tayari ni maskini.

Mji uliokauka pesa

AFC/M23 walipochukua uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 mwezi wa pili 2025 na kuingia mjini siku zilizofuata, banki zilifunga milango. Zilikaa zimefungwa kwa miezi mingi. Mwenye mshahara kwenye konti anauona kwenye simu yake, lakini noti hana. Wengi wamelazimika kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe kutafuta pesa ya mkononi. Wengine wanamlipa wakala wa pesa za simu komisyo kubwa kuliko ile ya kawaida, na mshahara unafika nyumbani ukiwa umekwisha katwa kipande.

Mapigo mengine yalifuatana na hilo. Mwezi wa kwanza 2025 rais wa Marekani Donald Trump alisimamisha misaada ya nchi yake ulimwenguni, na mwaka 2024 Marekani peke yake ndiyo iliyolipa karibu asilimia 70 ya misaada ya kiutu nchini Kongo. Mashirika yaliyokuwa yakipanga nyumba Nguba na Muhumba, yakilipa madereva, walinzi na wapishi, yalipunguza watu au yakaondoka. Mwezi wa sita 2025 kampuni ya Heineken, yenye sehemu kubwa ya Bralima, ilitangaza kwamba haina tena udhibiti wa majengo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake.

Tuseme wazi: hiyo ni vita, si sheria ya bajeti. Hakuna waziri aliyesaini karatasi kusema Bukavu ibane matumizi. Lakini kwa mama anayeuza lenga-lenga soko la Kadutu, sababu haibadilishi kitu. Mteja wake amekosa mshahara.

Fuata mshahara wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeishi Bagira. Hauweki hata siku tatu. Ananunua unga, maharage, makala, sambaza siku ya kulipwa. Analipa nyumba, analipa deni la butiki, anatoa zamu yake ya likelemba, anapanda moto kwenda kazini. Muuzaji wa maharage anarudisha pesa kwa mkulima wa Walungu au Kabare. Mwenye moto ananunua mafuta na kulipa minerval ya mtoto. Mwenye nyumba anamlipa fundi wa mabati. Pesa ile ile imepita mikono mitano au sita kabla ya mwezi kuisha, na kila mkono umekula kidogo. Ukiusimamisha mshahara huo, umewasimamisha wote.

Si pesa yote inayobaki hapa, hilo pia ni kweli. Bidhaa nyingi za soko letu zinatoka Rwanda, Uganda, Burundi na Tanzania, na sehemu ya pesa inavuka mpaka pamoja nazo. Lakini linganisha na matumizi ya wakubwa: tiketi za ndege, gari za kifahari, matibabu ya Ulaya, nyumba za Dubai. Dolari ya mwalimu inazunguka Kadutu kwanza kabla ya kuondoka. Ile ya mkubwa inaondoka siku ile ile. Kwa hiyo, ukitaka kujua kama kubana matumizi kutasaidia uchumi au kutauumiza, uliza kwanza ni dolari ipi inayobanwa.

Zaire ilipokaza mkaja

Nchi hii imekwisha pita njia hiyo. Tarehe 12 mwezi wa tisa 1983, serkali ya Mobutu, chini ya waziri mkuu Kengo wa Dondo, ilishusha thamani ya zaire kwa karibu asilimia 80 kwa mkupuo mmoja, kwa makubaliano na FMI. Siasa ile iliitwa « rigueur », yaani ukali wa matumizi. Maelfu ya walimu na wafanyakazi wengine waliondolewa kwenye orodha ya mishahara. Feza za shule na hospitali zilipunguzwa ili deni la inje lilipwe.

Kwa muda hesabu zilipendeza. Pengo la bajeti lilipungua, na bei zikapunguza mwendo. Wakopeshaji walisifu. Lakini mishahara iliyobaki haikununua kitu, uchumi haukuinuka, na pesa iliyokuwa ikitoka kulipa deni ilikuwa nyingi mno kwa nchi iliyodhoofika. Mwezi wa kumi 1986 Mobutu aliigeuka siasa ile: aliamua malipo ya deni yasipite asilimia 10 ya mapato ya biashara ya inje, na Kengo akaondoka kwenye kiti cha waziri mkuu.

Kilichofuata hakikuwa nafuu. Serkali ilirudia kutumia bila kuhesabu, na ilipokosa pesa ikachapisha noti. Mwanzoni mwa 1993 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliitangaza kuwa si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Mwaka 1994 kupanda kwa bei kulipita asilimia 9,000.

Kwa hiyo Zaire ilionja dawa zote mbili ndani ya miaka kumi. Ilibana mahali pabaya, kisha ikaachia mahali pabaya.

Na nani alilipa? Wazazi wanajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serkali iliposhindwa kabisa kulipa walimu, wazazi na Kanisa Katoliki walikubaliana kwamba wazazi watoe pesa ya kumshikilia mwalimu darasani. Ilikuwa suluhisho la muda. Ile « prime » ikakaa zaidi ya miaka 25, ingawa kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema shule ya msingi ya serkali ni ya bure. Ni mwezi wa tisa 2019 tu ndipo Kinshasa ilipotangaza masomo ya bure, na mwaka uliofuata Banki ya Dunia ikaahidi dolari milioni 800 kusaidia. Hadi leo tunao walimu tunaowaita NU, wanaofundisha bila kulipwa na serkali. Mwezi wa tisa 2024, mwaka wa shule ulipoanza, walimu wa shule za serkali hapa Bukavu waligoma wakidai mshahara wa dolari 500, na watoto wakabaki nyumbani.

Hilo ndilo funzo la 1983 ambalo wenye kuandika bajeti hawapendi kulisema. Mshahara wa mwalimu ulikatwa kwenye daftari la serkali, lakini mwalimu aliendelea kula. Mzigo ulihamia kwa mzazi, na mzazi asiyekuwa nacho akamtoa mtoto darasani, mara nyingi msichana kwanza. Serkali iliandika kwamba imeokoa pesa. Nchi ilikuwa imekopa kwa watoto wake, na mtoto aliyekosa darasa mwaka ule leo ni mtu mzima.

Siku kubana kulipowasaidia maskini

Lakini si haki kusema kila kubana ni kuua. Mwaka 2000, katikati ya vita, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500. Mwezi wa tano 2001 serkali ya Joseph Kabila iliachia thamani ya franka ifuate soko na ikaacha kuendesha nchi kwa noti za kuchapisha. Mwaka 2002 kupanda kwa bei kulishuka hadi karibu asilimia 15, na 2003 chini ya 5.

Nani alipata faida? Si tajiri. Mwenye mali huweka akiba yake kwa dolari, nyumba au ng'ombe. Anayeumia franka inapoanguka ni mama wa soko anayeficha noti zake kwenye kitambaa, na mfanyakazi anayelipwa kwa franka mwisho wa mwezi. Noti inayochapishwa bila mali nyuma yake ni kodi inayokusanywa usiku, bila risiti, kwa wale wasio na pa kukimbilia. Serkali inapojizuia kuchapisha, inawaondolea kodi hiyo.

Kisha akaja Augustin Matata Ponyo, waziri wa feza kuanzia 2010, halafu waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Kanuni yake ilikuwa rahisi: serkali isitumie zaidi ya kile kilichoingia kwenye kasa mwezi ule. Mwezi wa saba 2010 Kongo ilisamehewa deni la dolari bilioni 12 na zaidi. Kuanzia 2011 wafanyakazi wa serkali walianza kulipwa kupitia banki, na mikono mingi iliyokuwa ikipunguza bahasha njiani ikapungua. Mwaka 2013 bei zilipanda kwa karibu asilimia 1 tu, jambo ambalo kizazi kizima hakijawahi kuliona.

Ila hata hapo kuna upande wa pili. Bei ya shaba ilipoanguka, bajeti ya 2016 ilikatwa katikati ya mwaka, na bado haikutosha. Franka ilitoka karibu 920 kwa dolari hadi karibu 1,600 mwishoni mwa 2017, na mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 50. Miaka ya nidhamu haikujenga barabara za kutosha wala viwanda ambavyo vingeshika nchi siku ya shida. Na mwezi wa tano 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata miaka 10 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu katika mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, ulioanzishwa 2014. Yeye anakana na kusema ni kesi ya siasa. Vyovyote iwavyo, mamilioni ya dolari yaliwekwa pale na mahindi hayakuonekana, wakati ule ule mwalimu alikuwa akiambiwa kasa ni tupu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2025. Kuanzia mwezi wa tisa franka ilipanda thamani, kutoka zaidi ya 2,800 kwa dolari hadi chini ya 2,500. Banki Kuu, chini ya gavana André Wameso, iliuza dolari sokoni, na mwezi wa kumi ikapunguza riba yake kuu kutoka asilimia 25 hadi 17.5. Kwa anayelipwa kwa franka ilikuwa habari njema, ikiwa bei zingefuata. Kwa mfanyabiashara aliyenunua mali kwa dolari za juu, ilikuwa hasara. Na kwa Bukavu, ambako banki zilikuwa zimefungwa na noti zilikuwa chache, habari njema ya Kinshasa ilifika ikiwa imechoka na safari.

Hata FMI ilijirekebisha

Watu wa Ulaya nao waliuliza swali hili kwa uchungu. Baada ya msukosuko wa 2008, Ugiriki ililazimishwa kukata mishahara, pensheni na kazi za serkali kwa kasi kubwa. Uchumi wake ulipoteza karibu robo nzima ndani ya miaka michache. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa FMI yenyewe, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, waliandika kwamba makadirio yalikuwa yamekosea. Ilidhaniwa kwamba serkali ikipunguza yuro moja, uchumi hupungua kwa karibu nusu yuro. Hesabu ya kweli ya miaka ile ilikuwa kati ya senti 90 na yuro 1.70.

Maana yake ni hii: ukikata wakati watu hawana kazi na biashara imelala, unapoteza zaidi ya unachookoa. Kodi nazo zinapungua, na pengo ulilotaka kuliziba linabaki wazi. Kongo si Ugiriki. Ugiriki ilikuwa na hospitali za kukata, sisi tuna hospitali za kujenga. Lakini kanuni ya wakati inatuhusu, na Bukavu ya leo ndiyo mji uliolala ambao wataalamu hao walikuwa wakiuzungumzia bila kuujua.

Kisu kinaanguka wapi?

Serkali ya Judith Suminwa ilipoundwa mwezi wa tano 2024 ilikuwa na watu 54. Ilipofanyiwa mabadiliko mwezi wa nane 2025, nchi ikiwa vitani na majimbo mawili yakiwa yamekatwa, ilibaki na watu 53. Msomaji ahesabu mwenyewe ukubwa wa mkaja uliokazwa.

Cour des comptes imekwisha onyesha katika ripoti zake tabia inayojirudia: taasisi kubwa za siasa hutumia kupita kiasi zilichopigiwa kura, huku afya, kilimo na barabara za vijijini zikipata chini ya kile kilichoandikwa. Pesa nyingi hutoka kwa njia ya « dharura », kabla ya karatasi kufuata. Hivyo bajeti ya Kongo hukatwa mara mbili. Mara ya kwanza bungeni, mbele ya watu. Mara ya pili kimya kimya katika mwaka, pale kasa inapopungua na mwenye sauti ndogo anaambiwa asubiri. Zahanati ya Shabunda haina mtu wa kuisemea kwenye korido za Kinshasa.

Tena kuna kifungu cha 175 cha Katiba. Kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo ni ya jimbo, na yakatwe papo hapo, kabla hayajapanda Kinshasa. Tangu 2006 kifungu hicho hakijatekelezwa hivyo. Kinshasa inachukua yote na kurudisha kidogo, kwa kuchelewa. Kivu ya Kusini ilikuwa ikibanwa miaka karibu 20 kabla mtu yeyote hajataja kubana matumizi. Barabara ya Bukavu kwenda Uvira kupitia Ngomo, au ile ya kwenda Mwenga na Shabunda, ni hesabu inayoonekana kwa macho.

Swali hilo hilo linawahusu wanaotawala Bukavu leo. AFC/M23 wanakusanya kodi na ushuru hapa, na mkaaji analipa. Anayechukua ushuru wa soko na wa mpaka anadaiwa barabara, usafi, usalama na mishahara. Mwalimu wetu ameangukia katikati: utawala ulioko mjini unakusanya kodi, serkali inayopaswa kumlipa iko mbali, na banki iliyopaswa kumkabidhi pesa yake ilifunga milango. Shauri la nani ni mtawala halali limekuwa likijadiliwa Doha na Washington. Shauri la nani anamlipa mwalimu haliwezi kusubiri hadi hapo.

La kuangalia katika bajeti ya 2026

Jibu la swali letu, basi, halitoshi kuwa ndiyo au hapana. Kubana kulisaidia 2001, kwa sababu kilichobanwa kilikuwa mashine ya kuchapisha noti. Kuliumiza baada ya 1983, kwa sababu kilichobanwa kilikuwa mwalimu na muuguzi. Mtu akikuambia serkali inabana matumizi na akaishia hapo, hajakuambia kitu.

Katika bajeti hiyo, kuna mistari mitatu ambayo kila mkaaji wa Kivu ya Kusini anaweza kuitafuta bila kuwa mchumi. Wa kwanza ni mishahara ya walimu na wauguzi walioko katika maeneo ambayo Kinshasa haitawali: je, imeandikwa yote, na njia gani imepangwa ya kuwafikishia noti mkononi bila wakala kukata kipande? Wa pili ni matumizi ya Urais, ofisi ya waziri mkuu na mabunge mawili: je, yamepungua ukilinganisha na kile kilichotumika kweli mwaka 2025, maana kulinganisha na kilichoandikwa tu ni kujidanganya? Wa tatu ni sehemu ya majimbo: je, ni asilimia 40 ya Katiba, au ni sadaka ile ile?

Mstari wa kwanza ukikatwa na wa pili ukiachwa, tutajua kwamba tumerudi 1983. Na safari hii mzazi wa Bukavu hana tena « prime » ya kuongeza, kwa sababu hata yeye hajalipwa.